Mafiga Matatu Ndani ya Gunia

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri mama alitokea upande wa jikoni akiwa amebeba jiwe kifuani, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Saa hiyo siikisii. Baba alikuwa ametoka kuitangaza kwa sauti, akiisoma kwenye saa yake ya mkononi kwa mwanga wa taa ya chemli, ili kaka yangu Ambokile aache kujivutavuta. Mimi nilikuwa natoka chooni, na baridi ya kwetu juu ya Uyole ilikuwa imenishika miguu nikasimama. Mama alilitia jiwe ndani ya gunia, akarudi gizani, akaja na la pili, kisha la tatu. Yalikuwa meusi upande mmoja, na upande mwingine yalikuwa bado yameshika udongo mwekundu ulioungua. Kwa mtoto wa kilima kile, jiwe la namna hiyo lilikuwa na jina moja tu: figa.

Tulimzika mama msimu wa mvua uliopita. Tulipokaa kugawana vitu vyake, wengine waliulizana nani achukue cherehani na nani achukue kitanda. Mimi niliomba jiwe lililokuwa likizuia mlango wa sebule usijifunge kwa upepo. Ambokile, ambaye sasa ana mvi na wajukuu, alicheka peke yake, kwa kuwa ni yeye tu aliyebaki anayelijua jiwe hilo. Nimelisugua kwa maji na mchanga, halikutakata. Likilowa hutoa harufu ya masizi, kavu na chungu kidogo, ingawa halijakaa motoni tangu nilipokuwa mtoto. Watu wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Watoto wetu wanapikia mkaa na mafuta ya taa, na neno lenyewe wanalisikia kwenye methali tu.

Sharti nieleze kwanza desturi, maana bila hiyo woga wangu utaonekana ni upumbavu mtupu. Kwenye kilima chetu mwanamke aliyehama hakuacha mafiga yote nyuma. Alichukua walau moja, akalipanga huko aendako pamoja na mengine mawili atakayoyapata. Siku ya kwanza ya kupika, tonge la kwanza alipewa mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Wengine wote walingoja mpaka amemeza. Akishameza, jiko lile lilikuwa jiko lao, na mahali pale palikuwa kwao. Sijui desturi hiyo ilianza lini wala kama wa vilima vingine waliifuata. Kwetu ilifuatwa, na hakuna aliyeona haja ya kuieleza.

Niliiona kwa macho yangu mwaka mmoja kabla ya safari ninayoisimulia. Jirani yetu, Mama Subilaga, alihama na mumewe kwenda Usangu kulima mpunga. Binti yao Subilaga alikuwa rafiki yangu. Tulichota maji pamoja na kugawana kila kitu mpaka chawa, kama mama alivyopenda kusema. Asubuhi ya kuondoka Mama Subilaga alichimbua figa la upande wa ukutani, akalifunga kwenye kaniki. Mumewe alimwambia huo ni mzigo wa bure, mawe yapo kila mahali duniani. Akamjibu bila kugeuka, "Figa halitembei, Baba Subilaga. Figa linahama."

Wakaenda. Jioni niliingia jikoni kwao nikakuta mafiga mawili, shimo moja, na paka wao amejikunja ndani ya majivu. Subilaga hakurudi tena.

Basi mtoto aliyeona figa moja likimpotezea rafiki yake, ataelewa nini akimwona mama yake anachukua yote matatu?

Ushahidi mwingine haukukosekana. Jioni iliyotangulia mama alikuwa amewapeleka kuku wetu kwa jirani. Jikoni alikuwa ametia kufuli, na tulikula viazi vya jana, vya baridi, tukiwa tumesimama. Niliambiwa tunakwenda safari. Lakini hata Subilaga alikuwa ameniambia kwamba wanakwenda safari.

Ninayoyajua sasa ni haya. Baba alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja mwenye duka Mbeya mjini. Kwa kawaida alikwenda na kurudi, lakini safari ile ilikuwa ya mizunguko: apakie mchele Rujewa aupeleke Iringa, Iringa apakie mabati, njiani, huko Mufindi, aongeze mbao, mabati na mbao azishushe Rujewa kwa Mbaluchi mmoja mwenye mashamba ya mpunga aliyekuwa anajenga ghala, na hapo apakie mchele tena, wa kupeleka Mbeya. Kila kituo kilikuwa na kungoja kwake. Shule zilikuwa zimefungwa, na baba alikuwa amechoka kula vyakula vya njiani na kulala chini ya usukani kama mtoro. Tajiri alikubali atuchukue, mradi tusipunguze mzigo hata gunia moja. Baba akafunga mianzi juu ya bodi la lori, akatandaza turubai, na nyuma ya kichwa cha lori akatuachia nafasi ya upana wa kitanda. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Ndani yake mlikuwa na ndoo, sufuria mbili, blanketi nne, taa, na gunia la mawe ambalo nililala nalo miguuni.

Sitadai kwamba nilihuzunika tangu mwanzo. Mtoto hawezi kuhuzunika juu ya lori. Tuliteremka kutoka kwenye baridi, tukapita Igurusi na Chimala, na kadiri tulivyoteremka ndivyo tulivyovua nguo, sweta kwanza, kisha blauzi, mpaka Ambokile akabaki na kaptula. Igawa tuliiacha barabara kuu tukaingia uwandani. Nilikuwa sijaona nchi iliyolala chini kiasi kile. Ng'ombe walionekana wakiwa mbali sana, halafu kengele zao zikasikika muda mrefu baadaye. Udongo ulikuwa mweusi, umepasuka kama visigino. Mama alishuka, akafungua gunia, akapanga mafiga yake matatu nyuma ya lori, akainjika. Tulikula wali, tulikula tena wali, na niliona maisha ni mazuri. Nilimuuliza habari za Subilaga, akasema amesikia wako ng'ambo ya mto wanavuna, tutawaona tukirudi.

Kisha tukaenda Iringa, na huko ndiko akili yangu ilikoanza kufanya kazi vibaya.

Iringa mji umekaa juu ya kilima, na mawe yake ni makubwa kama nyumba. Lori liliwekwa kwenye uwanja wa tajiri mwingine, na tulikaa hapo muda mrefu kwa sababu mabati yalikuwa hayajafika. Asubuhi kulikuwa na ukungu mwembamba na harufu ya mikate kutoka kwa mwoka mikate wa jirani. Mama alizunguka ua, akaokota mawe matatu, akapikia hayo. Gunia hakuligusa. Siku zote za Iringa halikufunguliwa. Nililitazama kila nilipokwenda kulala, nikajumlisha: Rujewa mafiga yalitolewa, Iringa hayakutolewa. Kwa hiyo yanatunzwa. Kwa hiyo Iringa tunapita tu, na mahali pa mafiga ni Rujewa. Mpaka leo sioni kosa katika hatua zenyewe. Kila nilichokiona kilikuwa kweli. Nilichokosa ni jambo moja dogo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupika Usangu angeniambia, na sikumuuliza mtu.

Kwa nini sikuuliza? Nimelifikiria sana hilo. Nadhani niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa. Wazazi wa wakati ule hawakumweleza mtoto mipango, na Subilaga alipomuuliza mama yake kama watarudi kuvuna njegere, aliambiwa anyamaze abebe mkeka.

Niliponyamaza, Ambokile aliona nafasi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne na hakuwa anajua lolote ninalolifikiria, lakini alikuwa na kipaji cha kugusa palipovimba. Alimsikia baba akimwambia mama kwamba ardhi ya Usangu haihitaji samadi, mtu akitupa mbegu anashiba. Basi safari nzima ya kurudi akawa ananipa habari za ndoa yangu. Nitaolewa Rujewa, mahari ng'ombe kumi, wote wenye nundu, na mume wangu atakuwa ananukia maziwa. Mama alimwambia aache, naye akaacha mpaka mama aliposinzia.

Kutamani nyumbani kulinishika Makambako. Lori lilisimama pale baba aongeze maji, na upepo wa Makambako, ambao hauna adabu kwa mtu yeyote, ukaingia chini ya turubai. Ulikuwa baridi. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna baridi, na mwili wangu uliitambua kabla yangu. Palepale nikayataka mambo ambayo sikuwahi kujua kwamba ninayo: moshi unaosimama chini ya paa asubuhi bila kupata pa kwenda, maji ya kijito chetu ambayo yanauma meno, mianzi ya nyuma ya nyumba inavyosuguana usiku, njegere mbichi ninazoiba shambani kwetu wenyewe. Nililala kifudifudi juu ya mbao mpya za Mufindi zilizokuwa zinatoa utomvu, nikalia polepole, utomvu ukanishika nywele. Mama aliponiuliza nilisema nimeumia kichwa. Haukuwa uongo mkubwa.

Nilibakiwa na tumaini moja. Igawa ilikuwa na njia panda. Moja kwa moja ilikuwa Chimala, Igurusi, Uyole, nyumbani. Kulia ilikuwa Rujewa. Sikujua habari za mbao za Mbaluchi, sikujua habari za ghala. Nilijua tu kwamba lori likipita njia panda bila kukunja, mimi ni mtoto wa kilimani. Nilikodoa macho kwenye upenyo wa turubai, nikashika mwanzi. Milima ya kwetu ilikuwa imeshaanza kuonekana mbele, ya buluu, imejipanga. Baba alipunguza mwendo. Akakunja kulia.

Nakumbuka milima ile ikihama kutoka mbele yangu kwenda ubavuni, kisha ikafichwa na turubai.

Tulifika Rujewa jua linazama. Mama alishusha gunia, akapanga mafiga nyuma ya lori, palepale pa safari ya kwanza, na alama za moto wa zamani zilikuwa bado zipo. Alipika ugali na samaki wa mto. Kwa kawaida alimpakulia baba kwanza. Jioni ile, kwa kuwa nilikuwa sijala vizuri tangu Makambako, alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akanyoosha mkono kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. "Haya, wewe mdogo kwanza," akasema. "Sisi tunakungoja wewe."

Baba alikuwa ameshanawa mikono na hakugusa chakula. Ambokile hakugusa. Wote watatu walinitazama kwa upole, na moto ulikuwa unawaka kati ya mafiga yetu.

Nikafunga mdomo.

Mama alibembeleza, kisha akakaripia, kisha akabembeleza tena. Baba alisema nikila atanipa niendeshe lori, kukaa mapajani pake na kushika usukani, jambo nililolitamani tangu nizaliwe. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa na njaa mpaka harufu ya samaki ilinitoa machozi, lakini nilikuwa nimeshaielewa kazi yangu. Nikimeza, tumehama. Nisipomeza, jiko lile ni mawe matatu tu yaliyokaa chini. Familia nzima ilikuwa kooni mwangu na hawakujua.

Mama aliweka kiganja kwenye paji la uso wangu. Lilikuwa la moto. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko na nimelia nusu ya njia. Akamtazama baba, na baba akauvuta mguu wake kutoka kwenye joto, akasimama. Kila mtu wa milimani alijua kwamba watoto wetu wakiteremka Usangu, homa ya mbu huwachagua wao kwanza. Kulikuwa na kaburi dogo kwenye kilima chetu la mtoto aliyerudishwa kutoka huko amefungwa mgongoni mwa mama yake.

Yaliyosemwa baada ya hapo mama alinisimulia nikiwa mtu mzima. Mchele ulikuwa bado unakobolewa, haungekuwa tayari mpaka kesho kutwa. Baba alisema hatangoja. Kesho asubuhi akishamaliza kushusha mzigo ataondoka na lori tupu, anipeleke kwa daktari Mbeya. Mama alimkumbusha kwamba dereva anayerudi kutoka Rujewa na lori tupu ni dereva asiye na kazi. Baba akajibu kwamba kazi zipo nyingi. Hazikuwepo nyingi, na wote wawili walilijua hilo. Alihesabu fedha zilizobaki za posho ya safari, akampa mama za daktari, naye akazifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo gumu, akalikaza kwa meno. Mimi nilikuwa nimelala juu, chini ya turubai, nasikiliza vyura na kuona fahari kwamba usiku umepita na sijameza kitu.

Asubuhi baba alikwenda na lori kushusha mzigo. Alituacha kivulini mwa mti wa mgunga pamoja na vyombo vyetu, mama akichemsha uji ambao nilikuwa nimeshaukataa. Ndipo Mama Subilaga alipotokea kwenye njia ya ng'ombe, amebeba kapu la mchele kichwani, na Subilaga nyuma yake. Walikuwa wamesikia kwamba kuna lori la Mbeya lenye mwanamke na watoto.

Walisalimiana kwa Kinyakyusa, salamu ndefu, za mvua, za wazee, za ng'ombe, mpaka Mama Subilaga alipotazama jikoni. Aliinama, akagusa figa moja upande usio na moto, kwa kidole, kama mtu anayejaribu pasi.

"Haya ni ya kwetu," akasema. "Kumbe na nyie mmehama, dada?"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Tuhamie wapi, na njegere zangu ziko shambani? Haya ni ya uani, ya kuchemshia maji ya kuoga. Huku kwenu hamna jiwe. Nikija bila mafiga, sufuria nitaiinjika juu ya magoti?"

Niliinua kichwa. Nilikuwa sijasema neno tangu jioni, na sauti ilitoka imekwaruza.

"Na ya jikoni?"

"Ya jikoni yapo jikoni. Yaende wapi?"

Mama alikuwa bado anakoroga uji, hakuona kitu. Aliyeona ni Mama Subilaga. Alinitazama mimi, akayatazama mafiga, akautazama uji, na uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Aliuliza nimeanza lini kukataa chakula. Mama akamwambia. Akauliza nani alipewa kwanza. Mama akamwambia, na katikati ya kusema akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Huyu hana homa," Mama Subilaga akasema. "Huyu alikuwa amehama peke yake."

Ambokile alianza kucheka, mama akamtazama, kicheko kikaishia puani. Mama mwenyewe hakunicheka. Alinivuta, akanikalisha kati ya magoti yake, akaniambia polepole kwamba tunarudi nyumbani, kwamba tulikuwa tunarudi tangu siku tuliyoondoka, kwamba baba akipata mchele tunakwenda moja kwa moja. Nilimsikiliza vizuri. Lakini nilikuwa mtoto wa kupenda kuhakikisha mambo, na jiko lilikuwa bado limesimama mbele yangu, linawaka. Alipoleta kikombe cha uji midomoni mwangu, niliufunga tena mdomo. Maneno yalikuwa maneno. Hata Subilaga alikuwa ameambiwa maneno.

Mama alinielewa. Nafikiri huo ndio wakati niliopendwa kuliko wakati wowote mwingine, ingawa hakusema lolote la mapenzi. Aliepua sufuria akaiweka chini. Akachomoa kuni moja moja, akazizika ncha kwenye vumbi. Akamwaga maji ya ndoo juu ya mafiga, yakafoka, yakatoa mvuke na ile harufu. Yalipopoa aliyasukuma kwa mguu, yakabingirika, na palipokuwa na jiko pakabaki majivu na alama tatu.

Kisha akamuuliza Mama Subilaga anapikia nini huku. Akajibu kwamba ana figa lake moja, na mengine mawili ni vipande vya kichuguu. Kichuguu kinafaa kiangazi. Masika yakifika kinayeyuka na sufuria inalala upande.

"Chukua mawili," mama akamwambia.

"Dada, ya kwenu?"

"Haya yalikuwa yanatembea tu," mama akasema. "Sasa ndiyo yanahama."

Mama Subilaga aliinama tena. Alilichukua moja, akaligeuzageuza, akauliza kama ni ya kijito cha chini au cha juu. Mama akamwambia ya chini, pale kwenye mgomba uliopinda. Akaitikia, "Ninapajua," na akaendelea kulifuta vumbi kwa pindo la nguo yake ingawa vumbi lilikuwa limekwisha. "Ndaga fijo," akasema mwisho, ambayo ni asante sana ya kwetu, kwa sauti ndogo kuliko zote alizokuwa ametumia asubuhi ile.

Hapo nikanywa uji. Nilikunywa vikombe vitatu, nikala na samaki wa jana aliyebaki, mama akinizuia mkono nisipaliwe. Subilaga alikaa karibu nami akinitazama. Aliniambia kwao sasa wanakula wali kila siku, hata asubuhi. Nikamwambia ana bahati. Kisha akaniuliza kama paka wao bado yupo.

Nikamwambia yupo. Analala jikoni kwao, ndani ya majivu.

Aliitikia kwa kichwa tu. Waliondoka kabla jua halijawa kali, mama mtu na figa moja kichwani, mtoto na jingine, wamenyanyua mikono yote miwili kuyashika, wakaifuata njia ya ng'ombe mpaka wakawa wadogo. Nilikuwa nimeshiba, nilikuwa naenda nyumbani, na furaha ilinijaa mpaka vidoleni. Ilichukua miaka mingi kabla sijauona vizuri, akilini, uso wa yule mama akigusa jiwe la kijito chetu kwa kidole kimoja, na nilipouona niliacha nilichokuwa nakifanya nikakaa chini.

Baba aliporudi na lori tupu, amekunja uso, tayari kuondoka, mama alimpeleka pembeni. Sikusikia alichoambiwa. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua gunia. Akaja, akanishika kidevu, akanitazama meno kana kwamba ananinunua mnadani, kisha akaenda kulala chini ya lori akalala mchana wote. Mchele tuliungoja. Siku ya tatu tulipakia mpaka bodi likalalamika, na njia panda ya Igawa nilikuwa mapajani kwa baba, mikono yangu juu ya usukani na yake juu ya yangu, tukaunga barabara kuu kuelekea milimani. Alinyamaza mpaka tulipopita Chimala. Hapo akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka ikambidi asimamishe lori.

Figa la tatu lilikuwa limebaki. Lilituzuilia tairi kila tuliposimama mlimani, na nyumbani mama aliliweka mlangoni, likakaa hapo maisha yake yote.

Tulifika kukiwa na ukungu. Nilizivaa nguo zangu zote njiani, moja baada ya nyingine, kwa furaha. Kabla ya kushusha kitu chochote, mama alinishika mkono, akafungua kufuli ya jikoni, akanisukuma ndani kwanza. Mlikuwa giza na baridi, na mlinuka moshi wa zamani. Yalikuwepo matatu, yamezama kwenye udongo wake, hakuna aliyeyagusa. Nililigusa kila moja. Mama alisimama mlangoni akingoja nimalize, wala hakunihimiza. Kisha alipiga magoti, akapuliza majivu, akawasha moto, na wakati maji yanachemka akakaa akafungua fundo la kanga kwa meno. Alizimwaga fedha za daktari mapajani mwake, akazitia kwenye kopo la chumvi, akaniambia nisimwambie baba, atakapozihitaji atajua zilipo. Zilikuwa shilingi nne na sumuni.